Sindano ya kisigino ina zamu yake, na siyo ya kwanza

Nianze na msimamo wangu ili tusizungushane. Hapa Arusha na Moshi mtu mwenye kisigino kinachouma anachomwa sindano mapema mno na anafika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, akiwa amechelewa mno, yaani foleni imegeuzwa, wa mwisho kawekwa mbele, na sasa hivi matangazo ya mashine za mawimbi na sindano za damu yako mwenyewe na "tiba ya kisasa bila kupasuliwa" yanazidi kumwagika kwenye simu zetu, kwa hiyo kosa lilelile linakuja tena, safari hii kwa bei kubwa zaidi. Matibabu yenyewe siyapingi, mengine yana ushahidi mzuri tu. Ninachopinga ni mtu kuuziwa hatua ya nne wakati hajawahi hata kuonyeshwa ya kwanza.

Tuelewane kwanza kinachouma ni nini. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, umeshikia kwenye mfupa wa kisigino upande wa ndani, unakwenda mbele mpaka kwenye vidole, madaktari wanauita fasia, na kazi yake ni kushikilia lile tao la mguu kama kamba inavyoshikilia upinde. Ukisimama unavutika, ukitembea unavutika, ukiinua vidole unavutika zaidi. Ukibebeshwa kazi kuliko uwezo wake miezi na miezi unachakaa palepale kwenye shina lake, na wagonjwa wa hii kitu wanasimulia hadithi moja hata kama hawajuani: ukishuka kitandani asubuhi hatua za kwanza zinachoma balaa, ukitembeatembea inapoa, ukikaa muda mrefu kwenye daladala ukashuka inarudi, jioni baada ya kusimama kutwa nzima inauma tena.

Nimesema unachakaa, sijasema unavimba, na nimefanya hivo makusudi. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walitoa ripoti ya vipande vya fasia vya wagonjwa 50 waliopasuliwa, vipande vikaangaliwa kwa hadubini, na walichokuta ni nyuzi zilizochakaa na kuharibika, siyo zile dalili za uvimbe ambazo kila mtu alikuwa anazitaja. Hapo ndo hesabu yote inapobadilika. Kama tatizo ni kuchakaa, basi diklofenaki ya duka la dawa unayomeza mwezi wa tatu sasa haitengenezi chochote pale chini, inakupunguzia tu kelele za maumivu huku tumbo na figo vinalipa, na wapo watu wazima wenye presha mjini hapa wanaimeza kila siku kama chai bila mtu yeyote kuwaambia kwamba inapandisha presha. Kitu kilichochakaa kinahitaji kujengwa upya, na mwili unajenga pale unapobebeshwa mzigo kidogokidogo kwa kipimo.

Afu kuna hii ya eksirei. Mtu anapiga picha, anaambiwa mfupa umeota kwenye kisigino, anatoka pale amekata tamaa manake anaona kama kuna mwiba ndani unamchoma kila hatua. Jamani, karibu nusu ya wenye maumivu haya ndo wana huo mfupa, nusu nyingine hawana na wanaumwa vilevile, na wapo watu kibao wanatembea na huo mfupa miaka na miaka hawajui hata kama wanao. Kuukata siyo tiba. Na kwa sisi wa upande wa Meru ambako maji yana floraidi nyingi, watu wanaunganisha haraka kila mfupa ulioota na maji. Ni kweli floraidi ikizidi inaharibu meno na mifupa, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kwenye miteremko ya Meru vipo vyanzo vinavyopita hapo kwa mbali, hiyo ni vita halali kabisa ya kupigania, ila kisigino kimoja kinachouma asubuhi na kupoa ukitembea siyo ushahidi wa maji. Kama daktari anataka picha yenye maana kwenye hili, ultrasaundi inasema zaidi, fasia ikizidi unene wa milimita 4 na inauma pale unapobonyeza, jibu unalo.

Sasa nani anaipata sana? Watu wa umri wa kati, miaka 40 mpaka 60, waliozidi uzito, wenye msuli wa kigimbi, ule wa nyuma ya mguu chini ya goti, uliokaza mpaka kifundo cha mguu hakikunji vizuri, na wanaosimama kutwa kwenye sakafu ngumu. Angalia hiyo orodha uilinganishe na mji wetu. Mama lishe anasimama kwenye simenti toka saa kumi na moja alfajiri na malapa yameisha soli. Mwalimu ana vipindi vya kutwa nzima. Mlinzi wa geti. Dada wa hoteli. Mpagazi anabeba mpaka kilo 20 kushuka mlima siku nzima afu wiki inayofuata anapanda tena, na viatu vyenyewe saa ingine kaazima. Hao ndo wagonjwa wetu, na ndo maana ule ushauri wa "mama pumzika wiki mbili tatu" unanikera sana, siyo kwa sababu ni uongo, ni kwa sababu aliyeusema anajua kabisa huyu mama akikaa nyumbani siku tatu watoto hawali. Ukimpa mtu ushauri asioweza kuutimiza umemsukuma mwenyewe kwenye sindano, manake sindano peke yake ndo inamwahidi kwamba kesho atasimama.

Kwa hiyo hatua ya kwanza inatakiwa iwe ile inayoweza kufanyika huku mtu anaendelea na kazi yake, na bahati nzuri ipo, na haina gharama. Ya kwanza ni kuivuta fasia yenyewe. Kabla hujakanyaga chini asubuhi, kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la mwenzake, shika vidole vivute kuelekea kwako mpaka usikie unyayo umekaza, hesabu kumi, achia, rudia mara kumi, na ufanye hivo mara tatu kwa siku, hasa kila unapotaka kusimama baada ya kukaa sana. Huu mvuto ulijaribiwa Marekani, matokeo yakatoka 2003 hiyohiyo, na ulifanya vizuri kuliko ule wa kusukuma ukuta ambao wengi tunaoneshwa. Ya pili inatoka Denmark, 2014, wagonjwa 48: unasimama kwenye ngazi, taulo limekunjwa chini ya vidole ili vinyanyuke, mguu mmoja, unapanda taratibu sekunde tatu, unashikilia mbili, unashuka tatu, mara 12, awamu tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana, na baada ya wiki mbili unaongeza mzigo kwa kubeba begi lenye vitabu mgongoni. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa mbali kabisa mbele ya waliovuta tu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa, na hiyo usiisome kama kasoro, inakwambia kwamba muda wenyewe ni dawa, kwa makadirio ya kawaida watu 8 mpaka 9 kati ya 10 wanapata nafuu ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Zoezi linakufikisha mapema.

Nakubali mwaka ni mrefu kwa mtu anayeumwa. Simbezi mtu yeyote anayetafuta njia fupi. Ndo maana nataka tuzichambue hizo njia fupi vizuri, kila moja kwa uzito wake.

Sindano ya steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, ndo ya kawaida zaidi, na inafanya kazi, tusidanganyane. Swali ni kwa muda gani. Australia walifanya utafiti mzuri uliotoka 2012, watu 82, nusu wamechomwa steroidi na nusu maji ya chumvi, kwa kuongozwa na ultrasaundi, wakakuta baada ya wiki 4 waliochomwa steroidi wana maumivu kidogo zaidi, wiki ya 8 na ya 12 tofauti ya maumivu haionekani tena. Mwezi mmoja. Hicho ndo unachonunua. Sasa upande wa pili wa mizani: mwaka 1998 Marekani waliripoti wagonjwa 765 wa kisigino, kati yao 51 fasia ilikatika, na 44 kati ya hao 51 walikuwa wamechomwa steroidi. Ikikatika maumivu ya zamani yanaweza kupungua ghafla, mtu anafurahi, afu tao la mguu linashuka na maumivu mapya yanahamia pembeni ya mguu na juu yake, na hayo hayana njia fupi. Halafu kuna lile pedi la mafuta chini ya kisigino ambalo Mungu ametuwekea la kukanyagia, steroidi ikirudiwarudiwa au ikimwagwa sehemu siyo inaweza kulinyausha, na pedi hilo likiisha hakuna mtu anakurudishia.

Unganisha hapo na yule mama lishe. Anachomwa Jumatatu, Jumanne maumivu yamepungua sana, anafikiri amepona, anasimama masaa 14 na malapa yaleyale, akibeba ndoo, kwenye fasia ambayo bado imechakaa na sasa imelegezwa na dawa, na maumivu ambayo yangemwambia "kaa chini" yamenyamazishwa. Yaani yule mwenye haraka zaidi ya kuchomwa ndo mwenye hatari zaidi baada ya kuchomwa, na ndo anayepata muda mfupi zaidi wa maelezo kwa daktari. Hili ndo linaniuma kuliko yote kwenye mada hii. Sindano ikitumika vizuri ni nafasi ya wiki nne za kuanza lile zoezi la ngazi ambalo maumivu yalikuwa yanalizuia, na siku za mwanzo mtu asibebe mzigo mzito wala asikimbie. Ichomwe mara moja, pengine mara mbili ikitengana miezi, na mchomaji aone anakochoma. Mtu akikuambia rudi kila mwezi nikuchome, tafuta mtu mwingine.

Na kuna mawili ambayo lazima useme kabla hujachomwa hata kama hujaulizwa. Kama una kisukari, sindano ya steroidi hata ya kisiginoni inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo pima. La pili halisemwi sana na linatuhusu: kama unatumia dawa za VVU zenye ritonavir ndani yake, ambazo kwetu ni zile za mstari wa pili, yaani wanazohamishiwa ambao dawa za kwanza zimeshindwa, basi steroidi kama triamsinoloni inashindwa kuondoka mwilini, inajikusanya, na sindano moja tu inaweza kukuletea uso kuvimba, sukari, presha, na tezi zinazotengeneza homoni yako mwenyewe zikazima kwa wiki au miezi. Anayetumia dolutegravir hana huo mgongano. Najua kwanini watu hawasemi, chumba cha daktari kina mlango wazi na foleni inasikiliza, basi omba mlango ufungwe, ni haki yako.

Mawimbi ya mshtuko sasa. Hii teknolojia imetoka kwenye kuvunja mawe ya figo, mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivo München, Ujerumani, mwaka 1980, na mwaka 2000 Marekani wakaruhusu mashine ya OssaTron kwa ajili ya kisigino. Kichwa cha mashine kinawekwa kisiginoni, kinapiga maelfu ya mapigo, kama dakika kumi hivi, unarudi mara tatu mpaka tano. Inauma wakati inapigwa, na kuweka ganzi kunapunguza matokeo, kwa hiyo anayekwambia hutasikia kitu anakupunguzia faida. Ushahidi wake ni wa kweli ila usikilize namba: kwenye utafiti mmoja mkubwa wa 2008, waliopigwa mawimbi kama 61 kwa 100 walifanikiwa, na waliopigwa na mashine ya kuzuga walifanikiwa 42 kwa 100. Tofauti ipo, ni nzuri, lakini angalia hiyo 42! Hao hawakupata kitu zaidi ya muda na matumaini, na kliniki ingeweza kuwahesabu wote kama shuhuda kwenye tangazo lake. Kwangu mimi mawimbi ndo njia yenye heshima zaidi baada ya mazoezi, haikati, haichomi, haidhoofishi fasia, na ningemshauri mtu aliyevumilia miezi sita akifanya mazoezi kwelikweli ajaribu hii kabla ya steroidi ya pili. Asipigwe mjamzito, wala mwenye shida ya damu kuganda au anayetumia dawa za kuyeyusha damu mpaka aongee na daktari wake.

Sindano ya plazima, yaani unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine, ile sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu, inarudishwa kisiginoni, ina mantiki nzuri manake lengo ni kujenga. Uholanzi mwaka 2019 waliilinganisha na steroidi kwa wagonjwa 115, na baada ya mwaka plazima ilikuwa mbele. Lakini kumshinda mtu ambaye nguvu zake zinaisha baada ya mwezi siyo ushindi mkubwa kiasi hicho, na utafiti mwingine mdogo uliolinganisha plazima na maji ya chumvi haukuona tofauti. Afu hamna kipimo kimoja, kila kliniki inazungusha damu kivyake. Kama una hela na umeshamaliza hatua za nyuma, sawa, jua tu siku za mwanzo itauma zaidi, na jua kwamba unanunua kitu ambacho bado kinabishaniwa. Mwenye mkopo wa VIKOBA asikopee hii.

Halafu zipo za tundu dogo, ambazo ni upasuaji hata kama tangazo linasema siyo. Zipo za kupitisha kifaa chembamba kinachotetemeka au kinachotoa joto kwenye sehemu iliyochakaa, hizo ushahidi wake bado mwembamba sipotezi maneno. Ipo ya kukata fasia kwa kamera kupitia tundu moja au mawili, inakatwa sehemu ya ndani tu, isifike nusu, manake ukikata zaidi tao linashuka. Tundu ni dogo lakini kilichokatwa hakiungwi tena kikawa kama zamani, kwa hiyo ukubwa wa kovu usikudanganye kuhusu ukubwa wa uamuzi. Inayonivutia mimi ni ile ya kulegeza msuli wa kigimbi badala ya kugusa kisigino kabisa, Norway 2018 waliijaribu kwa wagonjwa 40 waliokuwa wameumwa zaidi ya mwaka, na waliolegezwa kigimbi pamoja na mazoezi walikuwa vizuri kuliko wa mazoezi peke yake. Ila ni kwa yule ambaye kigimbi kweli kimekaza, na hilo linapimwa kitandani bila mashine: goti likinyooka kifundo hakikunji, goti likikunjwa kinakunja. Daktari anayetaka kukupasua bila kukupima hivo, muulize.

Pia siyo kila kisigino ni fasia. Ganzi au kuwaka moto usiku inaweza kuwa mshipa wa fahamu au sukari. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na mgongo umekaza asubuhi anahitaji kuonwa kwa ugonjwa wa viungo. Mpagazi au mkimbiaji aliyejiandaa na Kilimanjaro Marathon, ukimbana kisigino kulia na kushoto akaruka, huo unaweza kuwa ufa wa mfupa na hakuna sindano inayofaa hapo.

Mwisho niseme la viatu na la nyumbani kwetu. Toka 1981 Moshi, palepale hospitali ya KCMC, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba vya mguu, wanafunzi wanatoka nchi kibao za Afrika kuja kusoma hapa, na bado wengi wetu tunaoishi mwendo wa daladala moja kutoka pale hatujawahi kufikiria kwamba soli ya ndani ya kiatu ni kazi ya kitaalamu. Wala siyo lazima iwe ya kuchongewa. Australia mwaka 2006 walilinganisha soli za kuchongwa na za kununua tayari, faida ikawa karibu sawa, kwa hiyo mtu wa kawaida anatosheka na ya bei ndogo, ya kuchongwa iwe ya mwenye mguu wenye shida zake au mwenye kisukari. Na kama bajeti ni ya mtumba, soko la Memorial hapo Moshi viatu vizuri vipo: shika nyuma ya kisigino iwe ngumu, kunja kiatu kikunje kwenye vidole kisikunje katikati, soli isiwe imeliwa upande mmoja. Hivyo ndo vya kuvaa jikoni, malapa yabaki ya kuogea.

Ombi langu kwa hospitali zetu, kuanzia KCMC na Mount Meru mpaka vituo vya afya, ni dogo. Pale kwenye cheti, kabla ya kuandika sindano ya kisigino, uwepo mstari mmoja unaouliza mgonjwa alioneshwa lini mazoezi na nani. Kama hajaoneshwa na hana zile dalili nyingine za hatari, aandikiwe fiziotherapia siku hiyohiyo, na tarehe ya kurudi iwe baada ya wiki 12.